Nyumba ya Pili Uani: Kibali, Hatimiliki na Haki za Warithi



Binti yangu alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi alirudi nyumbani na watoto wawili na mabegi matatu. Mama yake alimpa chumba cha nduguze wa kiume, na wale vijana wakahamia ukumbini. Wiki ya kwanza kila mtu alikuwa na subira. Wiki ya nne mtu hakuweza kutoka bafuni pasi na kupiga hodi mara tatu. Hapo nikaamua kujenga vyumba viwili na choo katika uwanja wa nyuma, pale penye mkunazi, ili mwanangu apate mlango wake na sitara yake.

Sikuona haja ya kumwuliza mtu. Kiwanja ni cha marehemu babangu, nimekaa humo tangu utotoni, na ua ni wangu wa kuufagia kila asubuhi. Nikamwita fundi, akapima kwa hatua zake, akasema simiti kadha na matofali kadha, tukaanza. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha walipokuja maafisa watatu wa kaunti. Waliuliza kibali nikawaonyesha mkunazi. Mmoja wao, kijana ambaye nina hakika alisoma juzuu amma katika madrasa yetu, aliona haya kunitazama. Akasema, "Shehe, utuwie radhi, hii ni kazi." Kisha wakapaka alama ya X nyekundu juu ya ukuta mpya, wakaniachia ilani ya kusimamisha ujenzi, wakaenda zao.

Nalikasirika, sifichi. Siku mbili nilikuwa nikisema maneno ambayo mtu wa umri wangu hafai kuyasema. Siku ya tatu nikaenda kusoma sheria yenyewe.

Sheria inayohusika ni ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Inasema kwamba hapana mtu atakayeendeleza ardhi katika kaunti bila ya idhini ya serikali ya kaunti. Anayekiuka, akipatikana na hatia, hutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Na kaunti yaweza kumtaka arudishe ardhi katika hali iliyokuwa, maana yake abomoe kwa gharama yake. Sheria haitofautishi kati ya jengo la ghorofa kumi na vyumba viwili vya mjane. Wengi wetu tunadhani kwamba nyumba ya uani ni mambo ya ndani, kama kuhamisha kabati. Sivyo. Nyumba ya pili ina msingi wake, ina choo chake, ina moshi wake, na ina dirisha linalotazama kwa jirani.

Na hili la kuwajengea mabinti si jambo geni kwetu. Aliyetembea Lamu ameona wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kikiunganisha nyumba mbili. Wazee walikuwa wakimjengea binti anapoolewa, ama juu ya nyumba yao ama pembeni, na wikio likawapitisha wanawake kutoka nyumba hadi nyumba bila ya kushuka njiani. Walijenga kwa hesabu. Kila ukuta ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, na dirisha halikuwekwa pa kumkodolea macho mke wa mtu. Sisi wa leo tumerithi ile haja, hesabu tumeiacha.

Nilipofika ofisi ya mipango ya kaunti nilipewa orodha ya vitu vya kuleta. Nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa kila kaunti ina fomu zake na siku hizi nyingi hujazwa kwa mtandao: nakala ya hatimiliki, na matokeo ya upekuzi rasmi kutoka ofisi ya ardhi yanayoonyesha nani mwenye kiwanja na kama kina deni la benki au zuio, ramani ya kiwanja na mipaka yake, uthibitisho kwamba hudaiwi kodi ya ardhi ya kaunti, michoro ya nyumba kutoka kwa msanifu majengo aliyesajiliwa, na ile ya nondo na msingi kutoka kwa mhandisi aliyesajiliwa. Ada nazo hutofautiana kaunti na kaunti, na hubadilika kila sheria ya fedha ya kaunti inapopitishwa, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia jirani yake alilipa ngapi mwaka juzi.

Katika michoro hapo, jihadharini. Wapo vijana wanaochora vizuri sana, kisha hukodi muhuri wa mtu aliyesajiliwa ambaye hajakiona kiwanja. Mwenye muhuri ndiye anayebeba dhamana ya nyumba isianguke. Mwiteni aje, akanyage ardhi, aone kama ni mwamba wa matumbawe au ni mchanga. Jengo la ghorofa sita la Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa mvua Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya arobaini, halikuporomoka kwa sababu ya mvua peke yake.

Basi mimi nikakusanya karatasi zangu. Kodi ilikuwa na deni la miaka, nikalipa kidogo kidogo. Msanifu nikampata kupitia kwa mzazi mmoja wa madrasa. Nikaomba upekuzi, na matokeo yalipotoka nikakaa juu ya benchi la ofisi ile nikiyasoma mara mbili. Mwenye kiwanja ni babangu. Babangu alifariki mwaka 2004.

Karani aliniuliza kwa upole, "Mzee, mwenye ardhi amekubali?"

Ndugu zangu, mimi nimefundisha mirathi kwa miaka ishirini na mitatu. Najua mafungu yote sita, najua aul na radd, nimewatatulia watu mayai na mashamba ya minazi. Na mirathi ya baba yangu mzazi ilikuwa haijagawanywa kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikaa ndani yake na hakuna aliyeniuliza.

Nikapiga hesabu pale pale nyuma ya risiti. Babangu aliacha mjane, yaani mamangu, na watoto watano: wa kiume wawili na wa kike watatu. Mjane ana thumni, moja katika nane, kwa kuwa kuna watoto. Zinabaki sehemu saba. Wanaume wawili kila mmoja sehemu mbili, wanawake watatu kila mmoja sehemu moja: zimetimia saba. Hesabu nyepesi namna hii huwapa watoto wa mwaka wa kwanza. Kiwanja chetu ni futi 50 kwa 100, kama viwanja vingi vya Kisauni, yaani futi 5,000 za mraba. Kila dada yangu ana futi 625. Mimi nina 1,250, na nyumba ninayokaa, tukiondoa ua, tayari imezidi hapo. Vile vyumba viwili na choo, kwa mchoro wa msanifu, vilichukua futi 610.

Yaani nilikuwa nikimjengea mwanangu juu ya haki ya dada mmoja mzima. Na dada yangu wa pili, aliyeachwa na mumewe mwaka ule ule, alikuwa akipanga chumba kimoja ng'ambo ya pili ya mji na kulipa kodi kila mwezi.

Sikumwambia mke wangu siku hiyo.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana katika niliyoyaona baadaye ofisini na mahakamani, hili ndilo linalowakwamisha watu wetu kuliko ada na michoro. Hatimiliki zetu nyingi za Pwani ziko kwa majina ya marehemu. Watu wanaishi, wanaongeza vyumba, wanapangisha, wanaoza watoto, na kwenye daftari la serikali mwenye mali ni mzee aliyezikwa zamani. Siku unapotaka kibali, au mkopo, au fidia ya barabara, ndipo unapojua kwamba mbele ya sheria wewe ni mgeni aliyekaa sana.

Dawa yake ni Mahakama ya Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi mamlaka ya kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Tulihitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, nakala ya hatimiliki na upekuzi, na vitambulisho. Neno "wote" katika barua ya chifu liwekeni akilini. Nimeona barua ambazo dada walioolewa mbali hawakutajwa, kwa hoja kwamba "wao wana kwao". Mwenye kufanya hivyo ameandika uongo mbele ya mahakama, na mbele ya Mola wake amekula kisichokuwa chake, hata kama amekijengea msikiti.

Kabla ya mahakama palikuwa na kikao cha nyumbani. Nilimwita mamangu, kaka yangu na dada zangu watatu, Ijumaa baada ya chakula. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Palikuwa kimya. Mdogo wetu wa mwisho akaanza kulia, wala hakusema analilia nini. Dada yangu wa pili, yule mwenye kupanga, akasema, "Kaka, mimi nalikuwa nikingoja useme wewe. Nisingeweza kusema mimi, watu wangeniona nina tamaa ya mali na baba hata kaburi lake halijakauka." Kaburi lile lilikuwa na miaka kumi na tisa.

Mkubwa wetu akauliza swali la haki: si baba alikuwa akisema nyumba hii ni yangu mimi? Kweli alikuwa akisema, hata mbele ya watu. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii hiba haitimii kwa maneno peke yake. Mwenye kupewa sharti akabidhiwe na akishike kitu kwa idhini ya mtoaji, naye mtoaji angali hai. Babangu aliishi ndani ya nyumba ile na kuitawala hadi siku aliyobebwa kutoka. Hapakuwa na makabidhiano. Ilikuwa ni mapenzi ya mzee kwa mtoto aliyekaa naye, na mapenzi si hati.

Tuliafikiana hivi. Kaka yangu, ambaye ana kwake Malindi, aliniuzia sehemu zake mbili, nalipa kwa awamu na imeandikwa. Mamangu alibakisha thumni yake kwa jina lake, na hakuna aliyemgusia suala la kuitoa, ingawa alitaka. Nilimkataza mwenyewe, mjane mwenye sehemu yake anapoumwa hupelekwa hospitali kwa adabu zaidi. Dada wawili walichukua muda kufikiri, na mpaka sasa wamebakisha sehemu zao. Na dada wa pili akasema hataki pesa, anataka mlango.

Kuigawa ardhi yenyewe vipande vipande hatukujaribu. Kipande cha futi 625 si kiwanja, ni chumba na veranda. Tuliomba hukumu ya Kadhi, tukaipeleka ofisi ya ardhi, na hatimiliki ikatoka kwa majina yetu kama wamiliki kwa pamoja, kila mtu na sehemu yake ikitajwa. Ilichukua miezi kumi na moja. Kisha warithi wote wakatia sahihi kukubali ujenzi, na msanifu akachora upya: nyumba moja ya nyuma yenye milango miwili, upande mmoja binti yangu na wanawe, upande wa pili shangazi yake.

Hapo likazuka la choo.

Nyumba mbili katika kiwanja kimoja maana yake maji machafu mara mbili. Afisa wa afya alikuja na utepe wake akauliza kisima kiko wapi. Kisima chetu kiko kando ya jiko, kina miaka kuliko mimi. Kati ya kisima na shimo la choo hupenda kuona mita 30. Kiwanja chote, kutoka lango hadi ukuta wa nyuma, ni mita 30 na nusu. Na hata ukikimudu chako, jirani naye ana shimo lake upande wa pili wa ukuta, na mwamba wetu wa matumbawe una matundu kama sifongo: kinachoingia huku hutokea kule. Kila mwaka kipindupindu kinapozuka mitaani tunasikia watu wakilaumu maembe. Afisa yule alituruhusu kwa masharti: septiki iliyofungwa yenye kunyonywa na gari, na kisima kile kisitumike tena kwa kunywa wala kupikia. Mamangu ameliombolezea jambo la kisima kuliko alivyoliombolezea jambo la hatimiliki. Maji yake tunatumia kufulia na kumwagilia mkunazi.

Ukuta wenye X ulikuwa karibu mno na mpaka, na dirisha lake lingefunguka juu ya jiko la jirani, ambaye ana mabinti watatu. Hakuwahi kulalamika. Nilipomwendea kumwomba radhi alinambia kwamba alikuwa ameshafikiria kuinua ukuta wake futi nne ili sote tusitiriwe, na angekosa upepo wa kusi kwa hilo. Miaka yote ninasomesha mlango wa haki za jirani, na mtu alikuwa tayari kuzuia upepo wa nyumba yake asinivunjie heshima. Tuliubomoa ukuta ule wiki hiyo hiyo.

Maombi yetu yalipokamilika yakapitishwa idara kwa idara: mipango, afya, barabara, zimamoto. Sheria inasema usipopata jibu kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Nawanasihi msijenge juu ya kimya. Andikeni barua ya kukumbusha, iwe na tarehe na mhuri wa kupokelewa, mshike nakala. Na ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango. Usizimalize ukilalamika barazani kama nilivyofanya mimi zile siku mbili za mwanzo.

Katikati ya kungoja alinijia mtu, na simtaji, akasema kibali hicho chaweza kutoka wiki moja ikiwa "tutaonana". Nilimwambia kwamba miezi yote hii ni kwa sababu ya mali niliyokuwa nikiitumia bila ya haki. Sitaki kuimaliza safari hii kwa rushwa. Akaniambia nitachelewa. Nikachelewa kweli. Kibali kilitoka siku ya 74.

Baada ya kibali cha kaunti, mradi huandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na fundi mkuu awe ni mtu anayetambuliwa nayo. Kwa jengo kubwa huhitajika pia idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Ulizeni ofisini kabla ya kununua simiti. Wanaokaa Mji wa Kale wa Mombasa wapitie pia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa, na wa Lamu kadhalika, kwa kuwa mji ule uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na hauongezewi ghorofa kwa kupenda tu.

Wale wa Majengo na mitaa mingine ya nyumba bila ardhi, mambo yenu ni mazito zaidi. Nyumba ni yako, udongo ni wa mwingine, na kibali huombwa na mwenye udongo au kwa idhini yake ya maandishi. Ikiwa udongo ni wakfu, idhini ni ya Tume ya Wakfu, wala si ya imamu wala ya mzee wa mtaa. Msikubali kuongeza hata choo kwa ahadi ya mdomo.

Neno langu la mwisho ni kwa mama zetu, kwa kuwa nimeulizwa mara tatu mwezi huu. Mama anayeuza mahamri na viazi karai, amejiwekea akiba, naye amejenga nyumba ya uani katika kiwanja cha mumewe ili wapangishe. Pesa ni zake, kwa kuwa mali ya mke katika dini yetu haichanganyiki na ya mume kwa sababu ya ndoa. Lakini ardhi ni ya mume, kibali kina jina la mume, risiti za simiti zina jina la mume kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda dukani. Mume anapofariki, shemeji huja na utepe, na mama huambiwa fungu lake ni thumni. Kwa nini usiandike leo? Karatasi moja, mbele ya mashahidi wawili, au bora mbele ya wakili: nyumba hii imejengwa kwa pesa za fulani, ardhi ni ya fulani, na makubaliano yao ni kadha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Anayeona kuandika ni kukosa kuaminiana na aisome aya hiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa kijana anayejenga kwa babake. Ikiwa baba amempa, akabidhiwe na iandikwe, na nduguze wajue mapema. Ikiwa amemwazima, iandikwe ni azima.

Sasa tuko kwenye lenta. Mkaguzi wa kaunti alikuja Jumatatu kuangalia nondo kabla ya kumwaga zege. Mkipata kibali, muiteni kila hatua kama kilivyoandikwa, msimfunikie msingi kabla hajauona, maana bila ukaguzi hamtapata cheti cha kuhamia. Alitaka nondo mbili ziongezwe upande wa dada yangu, tukaongeza. Binti yangu amechagua rangi ya mlango. Shangazi yake hajachagua, anasema kwanza aone paa.

Wabillahi tawfiq.